Sauti Bila Mchujo

1

Mtu akitaka kumjua rubani Fausta Nyenza, asimtafute ardhini, hatampata. Atamkuta amesimama kando ya ndege yake, anatikisa kichwa kwa ndiyo, anatikisa kwa hapana, na akibanwa sana anatabasamu. Ukigeuka tu, huyo, keshajipenyeza kwenye chumba cha rubani na kufunga mlango. Wapakiaji wa parachichi pale Songea walishamhukumu zamani. Anaringa, walisema. Kajifunza kuruka, salamu zikamshinda.

Lakini angani, lo! Angani Fausta alikuwa msemaji haswa. Asubuhi hiyo, akipeleka parachichi Makambako, shehena ikiwa nyuma na milima ya Njombe ikiwa chini yake, alikuwa anamshughulikia mtani wake bila huruma.

"Kanga Tano, hapa Kanga Mbili," alisema kwenye Redio ya Pili. "Harufu ya samaki inanifikia mpaka huku chini. Au ni wewe mwenyewe hujaoga tangu babu zenu walipowakimbia Wazulu?"

Kanga Tano ilikuwa ndege ya Kapteni Otmari Mbano, Mngoni mtu mzima, aliyekuwa akipeleka samaki wabichi wa Ziwa Nyasa huko Dodoma. Fausta ni Mhehe. Utani wa makabila hayo mawili ulianza kabla hata ndege hazijabuniwa, na sheria yake ni moja: tusi la mtani hujibiwa papo hapo, tena kwa tusi zito zaidi.

"Afadhali harufu ya samaki, mtani," ilijibu sauti ya Otmari, safi kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Nyinyi mkipita mtaani, mbwa wote wanahama na watoto wao."

Fausta akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono kwenye paneli ya sauti, ile safu ya vitufe iliyokaa katikati ya dashibodi, akapunguza kidogo Redio ya Pili ili asikose mwito wa mnara kwenye Redio ya Kwanza.

Paneli yenyewe haikuwa na miujiza. Vitufe vya juu vilichagua unasikiliza nini: redio hii, redio ile, au zote mbili kwa pamoja. Kirungu cha kulia kilichagua unasema kupitia wapi. Ukisahau kukizungusha, utamwambia mwongozaji ndege maneno uliyomkusudia rafiki yako, na rubani ambaye hajawahi kuutangazia mnara ugomvi wa nyumbani kwake basi bado ni mgeni wa kazi.

Jipya lilikuwa chini ya vitufe hivyo, nalo liliitwa Mchujo. Ndege mbili ziligongana mawinguni kwa sababu rubani mmoja hakuelewa lafudhi ya mwenzake, na baada ya mazishi ikatungwa sheria kwamba kila sauti ya angani ipitie Mchujo kwanza. Mchujo ulipokea sauti ya mtu, ukaondoa lafudhi, ukaondoa kikohozi, kusitasita na hofu, kisha ukaitoa upande wa pili ikiwa imenyooka. Neno lililokatika ulilimalizia. Maneno yaliyokosa maana uliyabadili kuwa maneno ya heshima. Mnara ukiuliza kimo au mwendo, Mchujo ulisoma mitambo ya ndege na kujibu wenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyekufa kwa kutosikilizana.

Fausta hakuwa na ugomvi na Mchujo. Angekuwaje nao, wakati ndio uliompa ulimi? Maana Fausta alikuwa na kigugumizi, na si kile cha kuwachekesha watoto. Kilikuwa kigugumizi cha kumkaba mtu kooni mpaka macho yanamtoka. Huku ndani ya chumba cha rubani alivuta, akasukuma, akapigana na neno. Kule nje watu walisikia mwanamke mwenye maneno ya mteremko. Ardhini alinyamaza. Otmari alikuwa amemtukana na kutukanwa naye mwaka hadi mwaka, lakini hawakuwahi kukaa meza moja, kwa kuwa Fausta kila mara alikuwa na haraka.

Kwenye kona ya paneli palikuwa na kifuniko chekundu kilichofungwa kwa waya mwembamba na lakiri. Chini yake kulikuwa na swichi iliyoandikwa Asili. Ukiifungua, redio uliyochagua inaachana na Mchujo, na kila aliye kwenye redio hiyo anasikika kama alivyozaliwa. Sheria iliruhusu kufanya hivyo kwa dharura tu. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema kwamba kila sauti itakayotoka bila Mchujo itapelekwa Kamati ya Ufasaha ikapimwe, na asiyefaulu harushi ndege tena. Fausta alikijua kifuniko kile kama mtu anavyolijua shimo la nyoka karibu na jiko lake, na siku zote alikipitia mbali.

2

Baada ya kupita Njombe akamchokoza tena.

"Kanga Tano, nimesikia Wangoni mmeanza kufuga samaki ili mpate angalau mtu wa kuwasikiliza."

Kisha sauti safi ya Otmari: "Nimepokea, Kanga Mbili. Asante sana. Safari njema."

Fausta akacheka. Halafu kicheko kikamkatikia mdomoni.

Asante sana?

Akatafuta tusi kubwa zaidi, moja ambalo alikuwa amelihifadhi kwa siku ya sherehe, linalohusu ukoo mzima wa Mbano na namna walivyovuka mto Ruvuma. Mngoni mwenye akili timamu hawezi kulisikia hilo akakaa kimya.

"Nimepokea," ilisema sauti. "Asante sana. Kila kitu kiko sawa."

Hapo Fausta akaogopa kweli. Mngoni kumshukuru Mhehe kwa tusi! Mtani anayekushukuru ni mgonjwa, au anakufa.

Akili yake ikakimbilia juu, kule ilikokuwa ndege ya Otmari. Warushaji wa samaki walikuwa na ujanja wao: walipanda mpaka futi elfu ishirini, wakafungua matundu ya sehemu ya mizigo, na baridi ya huko ikawagandishia samaki bure bila kula umeme wa betri. Rubani mwenyewe alipumua oksijeni kwa mrija wa puani. Mrija ukichomoka au ukiganda, mtu haumwi, wala habanwi kifua. Analewa. Marubani walikuita kulewa hewa. Mtu huwa na furaha isiyo na sababu, ulimi unakuwa mzito, kisha analala, na usingizi huo hauna asubuhi. Bila shaka Otmari alikuwa anajibu, tena huenda alikuwa anatukana vizuri sana, lakini kwa ulimi wa mlevi, na Mchujo ulipokosa maana ukamsitiri kwa heshima zake.

Akazungusha kirungu kwenda Redio ya Kwanza. "Mnara wa Makambako, Kanga Mbili. Nadhani rubani wa Kanga Tano amelewa hewa."

"Kanga Mbili, Kanga Tano ameripoti sasa hivi," alijibu mwongozaji ndege, Ambakisye, kwa sauti yake ya kijana mtulivu. "Kimo sawa, mwelekeo sawa, na sauti yake haina tatizo."

"Sauti ya nani ina tatizo siku hizi? Muulize oksijeni."

Mnara ukauliza. Kanga Tano ikajibu kwa adabu kwamba mtungi wa oksijeni umejaa.

"Umejaa?" alisema Fausta. "Ameruka tangu Mbamba Bay, mtungi bado umejaa? Basi anapumua nini?"

Hapo Ambakisye akaelewa. Akaiamuru Kanga Tano ishuke. "Nimepokea, nashuka," ilijibu sauti safi. Lakini kwenye skrini ya Fausta alama ndogo ya Kanga Tano haikushuka hata futi moja. Ambakisye akaamuru tena, na tena, na kila mara alijibiwa vizuri sana. Ule Mchujo wa mnara ulijengewa ndani ya mitambo, hauna kifuniko wala swichi. Mwongozaji hakuwa na namna ya kupaza sauti.

"Otmari, amka!" Fausta alipiga kelele, au alijaribu kupiga kelele, maana neno lilimng'ang'ania kooni. "Vaa mrija! Utakufa!"

Na kwenye visikilizi vyake akasikia kilichotoka upande wa pili, laini, cha kubembelezea mtoto: "Kanga Tano, tafadhali kagua oksijeni yako."

Alitamani kulia kwa hasira. Walikuwa wanambembeleza mtu alale.

Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko chekundu na kusimama hapo. Tusimlaumu kwa kusimama. Mtu mwingine angepoteza kazi, na kazi hutafutwa nyingine. Yeye angepoteza mahali pekee duniani alipowahi kuitwa mcheshi. Angerudi Iringa kwa dada yake, awe tena yule ambaye watu humalizia maneno yake kwa kumhurumia. Alijiuliza kama pengine mrija ungejirudi wenyewe, au rubani mwingine angefungua lakiri yake kwanza. Palikuwa na ndege ya abiria nyuma yake kwenye redio ile ile. Kwa nini isiwe wao? Lakini wao hawakuwa watani wa Otmari, na hawakujua kwamba asante ile ni kilio.

Mficha uchi hazai, alijiambia. Akakata waya.

3

Kwa haraka yake akafanya kosa la marubani wote. Alizungusha kirungu kurudi Redio ya Pili, pale walipozoea kutaniana, ndipo akabonyeza Asili. Moyoni alijidanganya kwamba ni mazoea. Ukweli ni kwamba Redio ya Pili ilikuwa na watu wawili tu, na aibu ya mbele ya mtu mmoja inabebeka.

"O-o-o-o..." Jina likamkwama. "M-mtani! Mtani!"

Hakusikia kitu. Hata pumzi ya mtu haikuwepo. Otmari katika ulevi wake alikuwa ameshachezea vitufe vyake, Redio ya Pili ameizima, na sasa alikuwa kwenye redio ya mnara tu, pamoja na kila mtu.

Basi ndivyo ilivyotakiwa iwe. Fausta akazungusha kirungu mpaka Redio ya Kwanza na kubonyeza tena.

Sauti zilizoingia zilimshtua. Upepo ulivuma, vyuma vikalia, mtu fulani akakohoa kikohozi cha sigara. Na katikati ya hayo alikuwepo Otmari, akicheka polepole kama mtu aliyemaliza mtungi wa pombe peke yake.

"Wanaogelea," alikuwa akisema, maneno yakimteleza. "Samaki wangu... wametoka... wanaogelea mawinguni. Wazuri hao."

"Yesu wangu!" alisema mtu kwenye ndege ya abiria.

"K-k-k-ka..." Fausta alipambana na Kanga, akaiacha. "Sh-sh-sh-sh..." Shuka nayo ikakataa. Alijua watu wote wanamsikia. Alijua kinasa sauti kinamsikia. Jasho likamtiririka mgongoni, na ile aibu ya darasa la tatu, aliposimamishwa kusoma mbele ya wenzake, ikarudi nzima nzima. "Sh-sh-sh-shuka!"

Kicheko cha Otmari kikakoma.

"Nani huyo," aliuliza kwa shida, "anachemka kama birika?"

Fausta alishusha pumzi. Amemtukana! Muda wote huo watu walikuwa wamemwita kwa sauti zilizonyooka, nazo zilimpita sikioni kama maji ya mfereji. Hii ya kukatikakatika ilikuwa imemkwaruza, akageuza kichwa kuitazama. Na kama masikio yapo, basi utani nao upo.

"Ni m-m-mimi, Mhehe! Na we-wewe ni m-mwoga!"

"Mimi?"

"Mwoga! Hu-huwezi kushuka. Una-unaogopa milima yetu, kama b-babu yako!"

"Mimi... naogopa?" Sauti ilikuwa nzito, ya mtu anayetoka shimoni, lakini ndani yake palikuwa na hasira halisi ya Kingoni. "Nyumbu wewe. Ona. Ona sasa."

"S-s-sukuma usukani mbele! Kama we-we ni mwanaume, sukuma!"

Alama ndogo kwenye skrini ikatikisika. Kisha ikaanza kushuka, taratibu mwanzoni, halafu kwa kasi iliyomtisha Fausta kuliko kimo chenyewe.

"P-polepole! Vuta kidogo! We-weka mrija puani, mpu-puuzi wewe, mrija!"

Hakuacha kumtukana. Alimtukana yeye, na mashangazi zake, na mbuzi wao, kila neno likitoka vipande vipande, mengine yakigoma kabisa akayaruka na kushika mengine. Otmari alijibu machache, na kadiri alivyoshuka majibu yake yalizidi kuwa na makali. Kwenye futi elfu kumi na mbili ndege yake ikakaa sawa. Wakasikia anakohoa, kisha anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini.

"Jamani," alisema kwa sauti ya kawaida, iliyokwaruza, ya mtu mzima mwenye maumivu ya kichwa. "Mrija ulikuwa umeganda barafu. Nilikuwa nakufa?"

Kisha sauti ya mzee, yenye mikwaruzo na lafudhi ya Kinyakyusa iliyoshiba, ikasema, "Ulikuwa unakufa, bwana. Mungu amekataa, na dada yako huyu amekataa."

Fausta ilimchukua muda kuelewa kwamba yule ni Ambakisye, maana swichi ya Asili ilikuwa imeufungua hata Mchujo wa mnara. Miaka yote alimdhania kijana wa kisasa, amenyoa vizuri, anakunywa kahawa. Kumbe ni babu wa watu, na hata sasa alisikika akipenga kamasi. Naye rubani wa ndege ya abiria, mwanamke aliyezoeleka kwa sauti ya chuma, alikuwa analia wazi wazi kwa mtetemo wa uzee kooni. Wote walikuwa wamesitiriwa. Fausta akacheka, kisha akalia. Raha iliyomjaa ilikuwa nzito kama shibe.

"Mtani," Otmari alisema. "Hicho kigugumizi umekipata lini?"

"N-nimezaliwa nacho."

"Na ndiyo maana ukiniona uwanjani unakimbia? Miaka yote nimedhani ni mdomo wangu unanuka!"

Hata Ambakisye alicheka.

4

Kanga Tano ilitua kwanza, pale pale Makambako. Fausta aliiona kutoka juu ikisimama mwisho wa njia, gari la wagonjwa likaisogelea, na mtu mfupi mnene akatoka mwenyewe kwa miguu yake huku akiwakatalia machela. Alimtazama mpaka ndege yake mwenyewe ilipogeuka na bawa likamficha.

Sasa ilikuwa zamu yake, na hapo ndipo raha ilipoingia mchanga. Lakiri ikishakatwa, swichi hairudishwi angani. Ni kazi ya fundi, ardhini. Mchujo usingemsaidia kutua. Na ruhusa ya kutua si ruhusa mpaka rubani airudie kwa kinywa chake, neno kwa neno, mnara usikie.

"Kanga Mbili," alisema Ambakisye, "njia namba tatu sifuri, upepo kushoto, ruhusa ya kutua. Rudia."

Wakati wa kumwokoa Otmari alikuwa na uhuru wa kuruka maneno yaliyogoma. Hapa hapakuwa na la kuruka. Namba ni ile ile, jina ni lile lile, na la kwanza kabisa lilikuwa lile lililomshinda muda si mrefu uliopita.

"K-k-k..." Akasimama. Akavuta pumzi. "K-k-k-k..."

Nyuma yake ndege ya abiria ilikuwa imeshapangwa, ina watu wanaosubiriwa na ndugu zao, na kila alipochelewa wao walizunguka. Alingoja amaliziwe. Watu siku zote humalizia. Hudhani ni wema. Angekubali, pia. Angefurahi mtu aseme Kanga kwa niaba yake.

Hakuna aliyesema.

"S-samahani," alisema.

"Usiwe na haraka, mwanangu," ikasema sauti inayotetemeka ya rubani wa ndege ya abiria. "Sisi tupo, tunazunguka tu. Mafuta tunayo."

Fausta akafumba macho kidogo, akayafumbua. Akalianza tena jina la ndege yake kutoka mwanzo, bila kulisukuma, akaliacha ligote kadiri lilivyotaka. "K-k-k-kanga M-mbili. Njia na-namba t-t-tatu... s-s-s-sifuri. Upepo... k-k-kushoto. Ru-ruhusa ya ku-ku-kutua."

Kwa sauti nyingine, rasmi zaidi, kama mtu aliyejinyoosha kwenye kiti, Ambakisye akasema: "Kamati ya Ufasaha, mtasikia kinasa sauti hiki. Mimi ndiye mwongozaji wa zamu, na mimi ndiye mnayeniuliza kila mara kama rubani ameeleweka. Rubani huyu ameeleweka. Tangu nikae kwenye kiti hiki sijawahi kumwelewa rubani vizuri kama leo. Na mkitaka kumpima, mnipime na mimi, na Kinyakyusa changu."

"Na mimi," ilisema ndege ya abiria.

"Na mimi na ulevi wangu," Otmari alidakia kutoka chini, akitumia redio ya gari la wagonjwa bila ruhusa ya mtu yeyote.

Fausta hakujua Kamati itaamua nini. Labda ingemnyima leseni. Watu wa kamati ni watu wa kamati. Lakini koo lake lilikuwa limelegea, na kile kilichokuwa kimemkalia kifuani tangu darasa la tatu kilikuwa kimeshuka mahali fulani juu ya Njombe, wala hakutaka kurudi kukitafuta. Njia ya kutua ilikuwa mbele yake, nyeupe na ndefu. Sheria ilimtaka bado neno moja la kufunga mazungumzo, neno ambalo Mchujo ulikuwa ukimsemea siku zote kabla hata hajafungua mdomo.

"N-n-n-n..." alianza, na magurudumu yakagusa ardhi. Alipunguza mwendo, ndege ikakimbia, ikatembea, ikasimama. Wote walikuwa bado wanamsubiri.

"Nimepokea," alisema Fausta.